Gari lisilo na dereva linaendeshwa na nani?

Ukiwa nyuma ya semi-trela inayopanda Mlima Kitonga, kuna mahali indiketa ya kushoto ya roli itaanza kuwaka. Dereva hapindi kushoto, huko hakuna barabara. Anakuambia mbele kweupe, ovateki. Akiwasha ya kulia, kuna gari linashuka, tulia nyuma yake. Lugha hii haimo kwenye vitabu vya shule za udereva. Ukifuata sheria ilivyoandikwa, indiketa ya kulia inasema tu kwamba mwenye gari anataka kuhamia kulia. Lakini madereva wa njia ile wanaielewa, na kila siku watu wanakabidhi roho zao kwa taa ya mtu wasiyemjua.

Endelea mbele kidogo, unakuta tawi bichi limelazwa kwenye lami. Hatua kadhaa mbele, jingine. Mguu unahama wenyewe kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki, maana unajua baada ya kona ile kuna gari limekufa.

Sasa chukua moja ya Jaguar za kampuni ya Waymo, zile zinazobeba abiria Phoenix na San Francisco bila mtu kwenye usukani, ulilete hapo. Gari hilo lina kamera 29, rada sita na vifaa vitano vya kupima umbali kwa mwanga wa leza. Indiketa ya roli litaiona. Matawi litayaona mapema kuliko wewe, hata usiku wa manane, na litapima umbali wake kwa usahihi wa sentimita. Kisha litabaki na swali ambalo utingo wa miaka kumi na minane angelijibu bila kufikiri: haya maana yake nini?

Ndiyo sababu swali tunalolisikia kila mara, kama magari haya yako tayari au bado, halina jibu mpaka useme tayari kwa barabara ipi. Ukishalijibu hilo linafuata la pili, ambalo mimi naliona gumu zaidi: likikosea, nani anasimama mbele ya hakimu?

Jina moja, magari tofauti

Vurugu nyingi zinaanzia kwenye jina. Mwaka 2014 shirika la wahandisi la SAE International liliweka ngazi sita, kuanzia 0 hadi 5. Ngazi ya 0 ni gari la kawaida. Kwenye ya 1 gari linakusaidia jambo moja, mathalani kushika mwendo na kuacha nafasi na gari la mbele. Kwenye ya 2 linashika usukani na mwendo kwa pamoja, lakini dereva bado ni wewe, macho barabarani, na kosa ni lako. Ya 3 linaendesha lenyewe katika mazingira maalumu. Unaweza hata kutazama filamu, ila likikuita unarudi kazini mara moja. Gari la ngazi ya 4 halikuiti kabisa. Likishindwa linajisogeza pembeni na kusimama, lakini lina mipaka: mtaa huu ndiyo, ule hapana, mvua hii sawa, theluji hapana. Ngazi ya 5 ni gari linaloweza kwenda popote anapofika dereva binadamu, Kitonga ikiwemo. Hilo halipo duniani.

Watu wanaochanganya Tesla na Waymo wanachanganya ngazi ya 2 na ya 4. Tesla imeuza kwa miaka programu iitwayo Full Self-Driving, jina ambalo kwa Kiswahili chepesi ni "kujiendesha kikamilifu", ilhali mnunuzi anatakiwa kusimamia safari yote kana kwamba anaendesha mwenyewe. Mwaka 2019 mkuu wake, Elon Musk, aliahidi teksi milioni moja zisizo na dereva ifikapo 2020. Juni 2025 ndipo kampuni ilipoanza huduma ndogo mjini Austin, Texas, na hata hapo kulikuwa na mfanyakazi wake kwenye siti ya mbele ya abiria akiangalia. Desemba 2023 Tesla ililazimika kurekebisha programu ya magari zaidi ya milioni mbili nchini Marekani, kwa sababu mamlaka ziliona mfumo wake wa Autopilot haumbani dereva vya kutosha aendelee kuwa makini.

Ngazi ya 2 ina mtego ambao haumhusu mhandisi bali mwili wetu. Muweke mlinzi getini, mwizi asije miezi sita, halafu umlaumu kwa kusinzia. Gari likijiendesha vizuri siku tisini, siku ya tisini na moja dereva anasoma ujumbe kwenye simu, na siku hiyohiyo ndiyo litakayokosea. Baadhi ya wahandisi wanaona ni heri kuruka moja kwa moja hadi ngazi ya 4, na mimi niko upande wao. Mercedes-Benz walijaribu ngazi ya 3 kwa tahadhari kubwa: mwaka 2022 Ujerumani waliuza mfumo ulioruhusiwa kwenye barabara kuu tu, kwa mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa, yaani kwenye foleni.

Kuona ni sehemu nyepesi

Tuanze na macho. Kifaa cha leza, wenyewe wanakiita laida, kinarusha miale mfululizo na kuhesabu muda ambao kila mwale unatumia kwenda na kurudi. Kwa kuwa mwanga unakwenda sentimita 30 hivi kwa nanosekunde moja, yaani sekunde ukiigawa mara bilioni, kompyuta inapata picha ya mazingira kwa vitone, kila kitone na umbali wake. Rada ni hafifu kwa umbo lakini inapenya ukungu na mvua, na inajua kitu kinasogea kwa kasi gani. Kamera inasoma rangi na maandishi. Juu ya hayo kuna ramani iliyochorwa kabla, yenye kingo za barabara, mataa na mistari yote, na hiyo ndiyo inayolifunga gari kwenye mji mmoja kama mbuzi kwenye kamba.

Picha peke yake haitoshi. Lazima mashine ifundishwe kwamba vitone hivi ni mtoto na vile ni pipa la taka. Hapo pana mkono wa Afrika Mashariki ambao hautajwi sana. Vijana wa Nairobi, wengine wakitokea Kibera, waliajiriwa na kampuni ya Samasource, leo Sama, kukaa mbele ya kompyuta na kuchora mistari kuzunguka kila gari, kila mtu na kila kibao kwenye picha za mitaa ya nchi za mbali. Picha hizo ndizo zilizofundishia magari. Mtu anashuka kwenye matatu jioni baada ya kutwa nzima ya kuonyesha mashine za California mpita njia anafananaje.

Kazi ngumu inakuja baada ya kutambua, nayo ni kubashiri. Mama amesimama ukingoni na ndoo kichwani: atavuka au anasubiri daladala? Bodaboda imepunguza mwendo: inakupisha au inatafuta abiria? Dereva binadamu anasoma bega, shingo, macho, na mara nyingi jambo linamalizwa kwa kunyanyua kidole tu. Mashine inabashiri kwa uzoefu wa mamilioni ya matukio iliyoyaona, na kile isichowahi kukiona kinaisumbua. Mwaka 2017 Volvo walikiri kwamba mfumo wao wa kutambua wanyama, ambao ulinolewa Uswidi, ulikuwa ukichanganyikiwa na kangaruu wa Australia. Ulikuwa ukitumia ardhi kupima umbali. Kangaruu akiruka anaonekana yuko mbali, akitua anaonekana karibu. Wahandisi hawakuwa wajinga. Walifundisha mfumo kwa wanyama wa kwao, na wanyama wa kwao hawaruki. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na twiga ana shingo ambayo sijui rada iliyofungwa kwenye bampa ingeiona kwa jina gani.

Hata hivyo, hatua iliyopigwa si ndogo. Machi 2004 jeshi la Marekani, kupitia wakala wake wa utafiti DARPA, liliandaa mashindano ya magari yasiyo na dereva katika jangwa la Mojave. Zawadi ilikuwa dola milioni moja. Hakuna gari lililofika. Lililokwenda mbali zaidi liliishia kilomita kumi na mbili hivi. Mwaka uliofuata magari matano yalimaliza njia ya zaidi ya kilomita 200, na Stanley, gari la Chuo Kikuu cha Stanford, likaondoka na zawadi ya dola milioni mbili. Google walianza mradi wao mwaka 2009, ukapewa jina la Waymo mwaka 2016, na Oktoba 2020 wakaazi wa viunga vya Phoenix wakaanza kupanda teksi zisizo na mtu mbele. Phoenix ina barabara pana, jua la kutosha na mvua ya kuhesabu, na haikuchaguliwa kwa bahati.

Sekunde tano na nusu

Ajali moja inafundisha kuliko makala zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, katika mji wa Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber, aina ya Volvo, lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Ndiye mtembea kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari la aina hii. Wengi walidhani mashine haikumwona. Ilimwona. Bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani, NTSB, iligundua kwamba mfumo ulimnasa sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Kwa mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa, hiyo ni zaidi ya mita 100 za kufunga breki.

Tatizo likawa kumtaja. Kwanza mfumo ulimwita gari. Halafu kitu kisichojulikana. Halafu gari tena, kisha baiskeli. Na kila ulipobadilisha jina ulifuta kumbukumbu ya alikotoka, kama vile amezaliwa papo hapo, hivyo haukuweza kujua kwamba anatembea kuelekea njia ya gari. Kibaya zaidi, programu haikuandaliwa kuwaza kwamba mtu anaweza kuvuka mahali pasipo na zebra. Wazia programu hiyo Kariakoo.

Ilipobaki sekunde moja na ushei mfumo ulitambua kwamba kugongana hakukwepeki. Lakini wahandisi walikuwa wameuwekea kusubiri sekunde moja kabla ya kuchukua hatua kali, ili gari lisifunge breki ovyo kwa kila kivuli na mfuko wa plastiki. Breki ya dharura ya Volvo yenyewe, ambayo gari lilitoka nayo kiwandani, ilikuwa imezimwa wakati kompyuta ya Uber inaendesha. Ndani palikuwa na msimamizi, ambaye macho yake yalikuwa kwenye simu. Awali Uber iliweka watu wawili ndani ya kila gari, ikapunguza akabaki mmoja.

Mwaka 2019 waendesha mashtaka walisema hawaoni msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Msimamizi ndiye aliyeshtakiwa. Mwaka 2023 alikiri kosa la kuhatarisha maisha na kupewa miaka mitatu ya uangalizi. Sisemi hakuwa na kosa. Nasema orodha ya makosa ya usiku ule ni ndefu, karibu yote yaliamuliwa ofisini miezi kabla, na aliyebeba jina la mhalifu ni yule aliyekaa kwenye siti.

San Francisco, miaka mitano baadaye, kosa lilikuwa la aina nyingine. Tarehe 2 Oktoba 2023 gari lililoendeshwa na binadamu lilimgonga mtembea kwa miguu, likakimbia. Mwanamke huyo alirushwa mbele ya teksi isiyo na dereva ya kampuni ya Cruise, iliyomilikiwa na General Motors. Teksi ilifunga breki, ikampitia, ikasimama. Mpaka hapo pengine hata dereva mzuri asingefanya zaidi. Kisha ikafanya kitu ambacho hakuna dereva mwenye akili timamu angekifanya: ikajisogeza pembeni ili isizuie njia, mtu akiwa chini yake, na kumburuta mita sita hivi. Ilikuwa imetafsiri tukio kama mgongano wa ubavuni, na kanuni ya mgongano wa ubavuni ni kutoka njiani.

Alinusurika, akiwa na majeraha makubwa. Kilichoiangusha Cruise ni kilichofuata. Mamlaka ya magari ya California iliilalamikia kampuni kwa kutosema wazi kuhusu kuburutwa, ikasimamisha kibali chake tarehe 24 Oktoba. Mwaka uliofuata Cruise ilikiri kupeleka ripoti ya uongo kwa wakala wa usalama barabarani wa Marekani na kukubali faini ya dola 500,000. Desemba 2024 General Motors ilifunga biashara hiyo ya teksi, baada ya kuimwagia zaidi ya dola bilioni 10. Gari la Cruise lilikosea kwa sekunde chache. Watu wake walikosea kwa wiki nzima.

Wakati huohuo vijiwe vya falsafa vilikuwa vimezama kwenye swali la gari kuchagua kumgonga bibi kizee au watoto watatu. Ni swali zuri la kupitishia jioni. Katika ajali hizi mbili hakuna mashine iliyochagua nani afe; moja haikujua ilikuwa ikiona nini, nyingine haikujua nani yuko chini ya tumbo lake.

Usalama unapimwaje?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 wanakufa kila mwaka barabarani, na hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali hizi. Kwa hiyo anayekataa magari haya kwa sababu tu yameua anapaswa kueleza kwa nini anayavumilia yaliyopo.

Ila kuna takwimu moja inayotumiwa vibaya. Utafiti wa serikali ya Marekani uliona kwamba katika asilimia 94 ya ajali zilizochunguzwa, sababu ya mwisho kwenye mnyororo ilikuwa dereva. Wauzaji wakaigeuza: toa dereva, utaondoa asilimia 94 ya ajali. Lakini sababu ya mwisho si sababu pekee. Dereva aliyekwepa shimo usiku kwenye barabara isiyo na taa akagonga mkokoteni, utaandika kosa ni lake, na shimo litabaki palepale. Mwenyekiti wa NTSB, Jennifer Homendy, amelikemea dai hilo hadharani.

Kuthibitisha kwamba mashine ni salama kuliko mtu ni kazi kubwa kuliko inavyosikika, kwa sababu ajali za vifo, ukizigawa kwa kilomita, ni chache. Marekani kulikuwa na kifo kimoja hivi kwa kila maili milioni 100. Mwaka 2016 watafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, walipiga hesabu: ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba gari lako haliui zaidi ya binadamu, linatakiwa kwenda maili milioni 275, sawa na kilomita milioni 440, bila kifo hata kimoja. Magari 100 yakizunguka usiku na mchana yangehitaji zaidi ya miaka 12. Na ukibadilisha programu katikati, ubishi unaanza upya: lile lililopimwa ndilo hili?

Waymo ilipita maili milioni 100 bila dereva mwaka 2025. Utafiti wa watu wake, uliochapishwa kwenye jarida la kitaaluma baada ya kupitiwa na wataalamu wengine, uliangalia maili milioni 56.7 za mwanzo na kukuta ajali zinazojeruhi watembea kwa miguu zilikuwa pungufu kwa asilimia 92 ukilinganisha na madereva wa kawaida wa maeneo yaleyale. Wametafiti biashara yao wenyewe, kweli, lakini data waliziweka wazi na tofauti ni kubwa mno kuwa ya bahati. Mimi naziamini, kwa mitaa ile. Kwa vifo hesabu ya RAND bado haijatimia, na kwa mitaa mingine hazisemi lolote.

Kiti cha mshtakiwa

Sheria za barabarani zilitungwa zikimwona mtu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 unasema kwenye kifungu cha 8 kwamba kila gari linalotembea liwe na dereva. Ilibidi kiongezwe kifungu kipya, kilichoanza kutumika Julai 2022, kinachokubali kwamba sharti hilo linatimia gari likiwa na mfumo wa kujiendesha unaokidhi kanuni za nchi husika.

Ujerumani ilitunga sheria mwaka 2021 inayoruhusu ngazi ya 4 kwenye maeneo yaliyoidhinishwa, lakini ikadai pawepo binadamu, msimamizi wa kiufundi, anayeweza kulisimamisha gari akiwa mbali. Uingereza ilikwenda ndani zaidi. Sheria yake ya Mei 2024 inasema kila gari lililoruhusiwa liwe na taasisi inayolibebea dhamana, kwa kawaida mtengenezaji. Gari likijiendesha na kuvunja sheria, aliyekaa kwenye kiti hashtakiwi kwa namna lilivyoendeshwa; inaulizwa taasisi. Pia ni kosa kuliuza kama gari linalojiendesha ilhali halijaidhinishwa hivyo. Ukisoma sheria hiyo ukiwa na Tempe kichwani, unaona wabunge walikuwa wanamtazama yule msimamizi na simu yake.

Na wasimamizi wako wengi kuliko abiria wanavyodhani. Teksi hizi zikikwama huuliza ofisini, ambako mtu mbele ya skrini anazielekeza: ndiyo, pita upande ule. Haendeshi, anajibu maswali. Tarehe 20 Desemba 2025 umeme ulikatika sehemu kubwa ya San Francisco. Mataa yakazimika. Magari ya Waymo yanajua kwamba taa zikizimika kila mmoja asimame kisha apite kwa zamu, lakini mengi yaliomba uthibitisho kwanza, maombi yakarundikana, na magari yakasimama kwenye makutano yakiwashawasha taa za hatari huku foleni ikikua nyuma. Huduma ikasitishwa. Sisi tuliozoea mataa kuzimika tulicheka kidogo, nakiri. Kwetu taa zikizimika anatokea trafiki mwenye glovu nyeupe; asipotokea trafiki, kijana asiyejulikana anavaa kiakisi mwanga na kuongoza magari kwa malipo ya sarafu, na wote tunamtii. Mfundishe Jaguar kumtii huyo.

Njia ya Yokohama

Je, yatafika huku? Ghuba tayari: tangu Desemba 2024 abiria wa Abu Dhabi anaweza kupangiwa gari la WeRide, kampuni ya Kichina, akiita Uber, na Dubai ilijiwekea lengo mwaka 2016 kwamba robo ya safari zake ziwe za kujiendesha ifikapo 2030. Nchini China, kampuni ya Baidu ina mamia ya teksi hizi Wuhan. Kwetu kikwazo cha kwanza sioni kuwa mashimo, wala bodaboda. Ni hesabu. Gari la aina hii linalipa pale mshahara wa dereva unapokuwa gharama kubwa kuliko vyote. Dereva wa daladala anayemletea tajiri hesabu yake kila jioni na kubaki na kilichozidi ni wa bei nafuu kuliko laida, ukarabati wa laida, ramani, mtandao usiokatika na ofisi ya watu wa kujibu maswali. Pengine tishio la mapema liko kwenye maroli ya masafa, kwa sababu barabara kuu ni rahisi kuliko mji: mwaka 2025 kampuni ya Aurora ilianza kupeleka mizigo kati ya Dallas na Houston bila dereva. Ila barabara kuu ya huko haina matawi.

Ngazi ya 1 na ya 2, kwa upande mwingine, zimeshaingia, na hazikupita mlango wa mbele. Zinashuka bandarini Dar es Salaam na Mombasa ndani ya magari yaliyotumika Japani, yanayopakiwa bandari kama Yokohama. Subaru walianza kufunga EyeSight mwaka 2008: kamera mbili nyuma ya kioo cha mbele zinazotazama gari lililo mbele, kupunguza mwendo zenyewe na hata kufunga breki. Toyota wana mfumo wao tangu 2015. Kwa kuwa Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, na Tanzania lililozeeka linatozwa ushuru zaidi, magari yanayoingia sasa ni ya miaka ambayo vifaa hivi vilikuwa vya kawaida.

Mnunuzi haambiwi. Anaona bei, kilomita na rangi. Siku jiwe likipasua kioo, fundi anafunga kingine, kizuri tu, na kamera zinabaki zikitazama kupitia kioo ambacho hazikupimwa nacho. Zinatakiwa zipangwe upya kwa vipimo maalumu, la sivyo gari linaweza kuona kitu kikiwa mahali kisipokuwepo au kuacha kuona kabisa. Kwenye dashibodi inawaka taa ya njano na maandishi ya Kijapani. Fundi anashauri waizoee. Mwenye gari anaizoea, kama alivyomzoea yule dada wa Kijapani anayeongea kila akiwasha gari, ambaye miaka yote hii alikuwa akimkumbusha tu kwamba hajaweka kadi ya kulipia barabara za Japani. Akifika Kitonga, nyuma ya semi-trela, indiketa ya kushoto inawaka, anahama kulia kuovateki, na gari linapiga kengele kwa sababu anavuka mstari bila kuwasha ya kwake.